Heroe wa Natron na Ushahidi wa Miguu

Mtu atokaye Digodigo, akaiacha nyuma mifereji ya mashamba ya Wabatemi na kuteremka bondeni upande wa mashariki, hukoma kwenye Ziwa Natron, ambalo maji yake ya magadi huunguza ngozi, na ambalo lau si heroe, ndege wa rangi ya waridi, ni wachache ughaibuni wangalilijua jina. Miaka 70 na ushei imepita tangu Leslie Brown, bwana shamba wa serikali ya Kenya na mjuzi wa ndege, alipoyagundua mazalio yao hapo mwaka 1954, wala sijaona njiani hata kibao cha kumkumbusha mpita njia.

Nasaba ya heroe iliwatesa wanazuoni dahari. Linnaeus, mwaka 1758, alimweka pamoja na ndege wa miguu mirefu. Wengine, walipoutazama utando uungao vidole vyake vitatu vya mbele, wakaisikia sauti yake, na hata wakapekua manyoya wakawakuta chawa walio jamaa ya chawa wa bata, walishika kuwa ni ukoo wa mabata bukini. Lakini utando ni shahidi mwenye hila: Linnaeus huyo huyo alimtia fregata wa baharini katika jinsi ya mwari, ilhali fregata ana utando haba, na akianguka majini hulowa, akapata taabu kuruka.

Tukimrudia Brown, yeye alitaka kuyaona mayai. Baada ya kuyatazama mazalio kutoka angani, alijitosa kwa miguu katika tope lile, ambalo juu lina ukoko mweupe na chini ni uji mweusi uunguzao. Ukoko ukivunjika, naye akizama, magadi yakiingia viatuni, hata akarudi bila ya kufika, miguu imebabuka, akalazwa hospitali wiki kadhaa na kutiwa ngozi mpya. Alivyovifuata ni vichuguu vya tope vyenye kishimo juu, na katika kila kishimo yai moja.

Ama ile nasaba, mwaka 2001 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa nduguye heroe ni kibisi, ambaye vidole vyake havikuungana, bali kila kimoja kina ubapa wake. Mwaka huo huo ziwa likaingia katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Hata hivyo, haikupita miaka mingi ukaja mpango wa kiwanda cha magadi, ukapingwa kwa kelele nyingi, na mwaka 2008 kampuni iliyokusudia kukijenga ikajitoa. Heroe wa spishi ndogo, ambao takriban robo tatu yao duniani huanguliwa humo, wangali wakifinyanga vichuguu vyao mbali na ufuko, huko ambako Brown hakufika.