Kitako cha Weusi

Miongoni mwa maneno yaliyomo kwenye menyu ya picha ya televisheni, hakuna linalompotosha mtazamaji wa filamu kama "mwangaza". Waliolipitisha, yaelekea, walikitazama kile kijua kilichochorwa kando ya kitufe kwenye televisheni za zamani, wakaridhika, wakasaini posho ya kikao. Kitufe hicho hakina habari na taa. Taa iko nyuma ya kioo na ina mpangilio wake peke yake. Kitufe hiki kinaamua weusi uanzie wapi. Katika video ya kawaida ya biti 8, weusi kamili umewekwa kwenye 16 na weupe kwenye 235. Anayegusa kinachoitwa mwangaza anaipandisha au kuishusha ile 16, na vivuli vyote vilivyo juu yake vinaifuata.

Madhara ya kukigusa yanaonekana wazi Tukuyu, wilayani Rungwe. Hii ni wilaya ya mvua nyingi, na mchana wa mawingu mwanga mweupe huingia dirishani ukatua juu ya kioo cha televisheni. Mtu anatazama filamu yenye vivuli vingi, tuseme Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Haoni kilichomo gizani, anapandisha mwangaza. Nywele zinakuwa na rangi ya majivu, koti jeusi linageuka kijivu, na ile mistari miwili myeusi ya juu na chini ya picha inafanana na ukungu unaofunika Mlima Rungwe asubuhi. Mwenye kibanda umiza akiiona atasema "picha imepauka", na kwa maneno hayo mawili atakuwa ameeleza zaidi ya menyu nzima.

Neno linalostahili hapa ni kitako. Shina lake ni tako, na kiambishi ki- kimelitoa kwenye mwili wa mtu na kulipeleka kwenye vitu: kitako cha bunduki, kitako cha chungu. Hata katika kukaa kitako, maana haibadiliki: ni upande wa chini, ambao uzito wote unaegemea. Wahandisi wa mwanzo wa televisheni waliokuwa wakitumia Kiingereza nao waliona hivyo hivyo, kwani kiwango cha weusi katika mawimbi ya picha walikiita kwa jina la jiwe linalobeba sanamu. Kwa hiyo kitako cha weusi kinataja jambo lenyewe, kwa neno ambalo hata asiyesoma uhandisi analo tayari.

Najua pingamizi la kwanza: neno lina aibu. Ni ajabu kwamba aibu hiyo huwapata wajumbe mezani tu. Askari akitajiwa kitako cha bunduki hakuna anayeziba masikio. Wapo pia wanaopigia debe "kiwango cha weusi" na kujiita wasanifu. Hao wajaribu kumwambia mtazamaji "ongeza kiwango cha weusi". Atategemea picha izidi kuwa nyeusi, kumbe kiwango kikipanda weusi ndio unaopotea! Mwambie "pandisha kitako" na hatauliza mara mbili, maana chombo kikiinuliwa kitako chake, kilichomo chote hupanda. "Ung'aavu" wa kwenye simu siugusi. Huko angalau unaongoza taa kweli.

Zito zaidi ni hoja ya mazoea, kwamba mwangaza umeshazoeleka na kuubadili ni kuwachanganya watu. Lakini kosa hili tumelirithi kutoka Kiingereza, na wenyewe wameanza kulitubia: televisheni za Sony za miaka ya karibuni zina mpangilio wa mwangaza unaogusa taa, na mwingine, mbali, wa weusi. Sisi tuna sababu gani ya kulinda kosa ambalo mwenye nalo analiacha?

Matumizi ni mepesi: usiku, taa ya chumba ikiwa imezimwa, chagua hali ya filamu, shusha kitako mpaka mistari myeusi isibadilike tena, kisha pandisha kidogo hadi mikunjo ya koti jeusi ionekane. Nanyi mnaotafsiri menyu, mwangaza upeni taa, kwa kuwa ndiyo inayoangaza, na weusi upeni kitako chake.