Vitabu vya Vita na Mikono Iliyovishika



Sura ya pili ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo ina habari ya maktaba mbili, nayo huwa tunaipita upesi tukikimbilia mashahidi wa sura zinazofuata. Kwanza anatajwa Nehemia, aliyeanzisha maktaba na kukusanya humo vitabu vya wafalme na manabii. Kisha anatajwa Yuda Mmakabayo, yule mpiganaji, aliyekusanya vitabu vilivyotawanywa na vita. Wayahudi wa Yerusalemu wanawajulisha ndugu zao wa Misri kwamba vitabu hivyo viko kwao, na kwamba wakivihitaji watume watu waje kuvichukua. Aya chache mbele, mwandishi anaeleza kwamba vita vya Yuda vilikuwa vimesimuliwa na Yasoni wa Kirene katika vitabu vitano, naye ameifanya kazi ngumu ya kuvifupisha viwe kimoja. Vile vitano vimepotea. Kwa hiyo Biblia yetu sisi Wakatoliki inabeba masalio ya seti ya historia ya vita ambayo hakuna tajiri duniani awezaye kuinunua.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya seti nyingine, ya juzuu tatu, inayotugusa sisi watu wa mashariki ya Kongo kuliko tunavyodhani. Jina lake ni Les campagnes coloniales belges 1914-1918. Ilitayarishwa na idara ya historia ya makao makuu ya jeshi la Ubelgiji, ikachapishwa Brussels: juzuu ya kwanza 1927, ya pili 1929, ya tatu 1932. Ya kwanza inahusu vita vya Kamerun na Rodezia na ulinzi wa mpaka wetu wa mashariki. Ya pili inahusu safari ya kwenda Tabora, mji uliotekwa tarehe 19 Septemba 1916. Ya tatu inahusu Mahenge, 1917. Humo mnasimuliwa Jenerali Tombeur, na Molitor na Olsen waliongoza brigedi zake mbili.

Huko Ulaya wako watu wanaokusanya seti kama hizi kwa mapenzi makubwa. Hutaka kwanza kujua kama seti imetimia, kwa maana juzuu moja ikikosekana thamani ya zilizobaki hushuka sana. Hutazama kama majalada yanafanana, na kama ramani zilizokunjwa bado zimo. Kisha hufunua jalada la mbele kutafuta nani alikuwa mwenyewe: sahihi, muhuri, neno la zawadi, au kile kikaratasi chenye jina kinachoitwa kwa Kilatini ex libris. Kitabu kilichokuwa cha afisa aliyepigana katika vita vinavyosimuliwa humo huuzwa kwa bei ya juu kuliko kile kile kilichokuwa cha karani.

Hatuwadharau watu hao. Bila wao vitabu vingi vingekuwa chakula cha mchwa. Tena wametufundisha jambo moja la kuchekesha. Vitabu vingi vya Kifaransa vya zamani viliuzwa kurasa zake zikiwa bado zimeshikana pembeni, na msomaji alipaswa kuzikata kwa kisu akiendelea kusoma. Kuna seti za historia ya Napoleone aliyoiandika Adolphe Thiers, juzuu 20 zilizotoka kati ya 1845 na 1862, zenye majalada ya ngozi na herufi za dhahabu. Ukizifungua unakuta kisu kilikoma katikati ya juzuu ya pili! Mwenyewe amekufa zamani, lakini kitabu kinaendelea kumshitaki.

Kwetu Kongo alama za wenyewe husema mambo mazito zaidi. Kitabu kilichokuwa katika maktaba ya shule ya misioni chaweza kuwa na muhuri wa mapadre. Juu yake muhuri wa Serikali, kwa sababu mwishoni mwa 1974 Serikali ilizichukua shule za Kanisa. Halafu muhuri wa jimbo, kwa kuwa mwaka 1977 uongozi wa shule hizo ulirudishwa kwa makanisa. Sisi tuliosomea ualimu tumefundishwa tarehe hizo ubaoni, lakini katika ukurasa mmoja wa kitabu chakavu zinaonekana kwa macho, wino juu ya wino. Vingine havina muhuri wa nne, kwa kuwa viliishia sokoni vikifungia karanga, au vilifunikwa na lava ya Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, ilipoliangamiza hata kanisa kuu la Goma.

Lakini kuna mikono mingine iliyovishika vita hivyo bila kushika vitabu vyake. Jeshi la Tombeur halikuwa na barabara za magari wala reli ya kulifikisha Tabora. Reli ya kutoka Kabalo iliishia kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1915, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o na maradhi. Basi risasi, unga, dawa na vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu, mzigo mmoja yapata kilo 25. Wapagazi walioandikwa kwa upande wa Wabelgiji walizidi 200,000, wengi wao kwa kulazimishwa. Waliangushwa na kuhara damu, homa za mapafu, na baridi ya milima kwa watu wasio na blanketi. Katika vitabu vya namna hii afisa ana jina na cheo, askari ana namba ya kikosi chake, na mpagazi ana jumla. Akipungua, jumla inapungua.

Tarehe zenyewe zinatufundisha. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wadachi ilipiga mizinga bandari ya Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie. Siku tatu baadaye, huko Ubelgiji, askari wa Kidachi waliichoma moto maktaba ya Chuo Kikuu cha Leuven, na vitabu vipatavyo 300,000 vikateketea. Dunia ililia, na ilikuwa haki kulia. Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 247, ukaiagiza Ujerumani iwapatie Leuven vitabu vyenye idadi na thamani sawa na vile vilivyoungua. Hakuna kifungu kilichoandikwa kwa jina la wapagazi wa Kongo. Kitabu kilikuwa na mwenyewe aliyejulikana, chenye namba katika orodha, kwa hiyo kilidaiwa. Mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, akafia njiani kati ya Ziwa Kivu na Tabora, hakuwa na orodha ya kumdai.

Je, kweli hakuwa nayo? Hapa ndipo sisi walei tunapokuwa na kazi, kwa sababu Kanisa pia ni mkusanyaji wa majina. Tangu Rituale Romanum ya 1614 paroko ameagizwa kutunza vitabu vya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliokufa. Katika misioni za Mapadre Weupe iliandikwa pia shajara ya nyumba, kama alivyotaka Kardinali Lavigerie. Mkatekumeni aliyebatizwa katika hatari ya kufa, mjane aliyefunga ndoa tena: watu wa namna hii hawatafutwi katika juzuu tatu za Brussels, bali katika madaftari yaliyo kwenye kabati la parokia, mara nyingi chini ya makopo ya mishumaa.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi la chama chetu, kwa ruhusa ya paroko, litazame madaftari hayo yako katika hali gani, liyaondoe sakafuni, na kunakili kwa mkono mzuri safu ya wafu na ya wajane wa miaka ya vita ile. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa 1917, katika kanuni ya 470, iliagiza nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kila mwaka kwenye ofisi ya askofu. Kwa miaka iliyofuata, basi, daftari likiungua kuna mlango wa pili wa kubisha. Kwa 1916 na 1917, miaka ya Tabora na Mahenge, pengine daftari ni lile moja tu.