Dibaga Ilivyoingia Ndani ya Kihariri

Dibaga, yaani programu inayoisimamisha programu nyingine katikati ya kazi ili yaliyomo kwenye kumbukumbu yachunguzwe, ina umri unaokaribia ule wa kompyuta zenyewe. Kilichochelewa ni kuunganishwa kwake na kihariri, ambacho ni programu ya kuandikia msimbo, na dalili za kuchelewa huko zingali zikionekana kila dibaga mpya inapowekwa.

Kituo, ambacho ni mahali panapotiwa alama ili programu isimame ikifika hapo, kilianzia kwenye mashine ya ENIAC huko Marekani, iliyopangiwa kazi kwa nyaya, ambapo mpangaji programu Betty Holberton na wenzake walisimamisha hesabu kwa kuchomoa waya hasa. Katika EDSAC ya Cambridge, Uingereza, iliyoanza kazi mwaka 1949, muda wa mashine ulikuwa adimu mno kwa mtu kukaa mbele yake akifuatilia amri moja baada ya nyingine, na kwa sababu hiyo Stanley Gill alieleza mwaka 1951 utaratibu wa kuchapisha kila amri iliyotekelezwa, ili kosa likatafutwe karatasini.

Mageuzi makubwa yalitokea katika chuo cha MIT, Marekani, ambako kompyuta ya TX-0 ilimruhusu mtu mmoja kuitumia peke yake akiwa kwenye taipureta yake, na dibaga iliyoitwa FLIT ikamwezesha kutaja sehemu za kumbukumbu kwa majina aliyoyabuni mwenyewe badala ya namba. FLIT na mrithi wake DDT yalikuwa pia majina ya dawa za kuua wadudu, kwa kuwa kosa la mitambo liliitwa mdudu kwa Kiingereza; na nondo maarufu aliyekutwa ndani ya kompyuta mwaka 1947 siye chanzo cha jina hilo, maana mvumbuzi Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878.

Hata hivyo, dibaga ya gdb, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, ilikuwa bado programu ya kujitegemea, na Turbo Pascal 5.0 ya mwaka 1988, ingawa iliweka dibaga na kihariri chini ya paa moja, ilihudumia lugha moja tu. Visual Studio Code, iliyotangazwa mwaka 2015, ilifuata njia ya busara zaidi: kihariri hakijui lugha yoyote, bali huzungumza na adapta, yaani mkalimani wa kila dibaga, kwa itifaki moja.

Mkalimani huyo huelekezwa na faili la launch.json, linalotaja aina ya dibaga, programu inayolengwa, na kama itaanzishwa upya au itaunganishwa ikiwa tayari inaendeshwa. Kwa lugha kama C, msimbo usipokusanywa, yaani usipogeuzwa kuwa amri za mashine, kwa chaguo la -g, linalohifadhi uhusiano wa amri za mashine na mistari iliyoandikwa, kituo hugeuka duara tupu la kijivu, na programu hupita bila kusimama.