Popo wa Pemba: Habari za Kuwaambia Watoto Kabla ya Kwenda Kidike

Shule nyingi za bara huwapeleka wanafunzi wao Mikumi kutazama tembo na simba. Mtoto wa Pemba hawezi kuwaona wanyama hao ila kwa kuvuka bahari, na nauli ni nzito kwa wazazi wengi. Walakini kisiwani mwake yuko mnyama asiyepatikana mahali pengine po pote duniani, naye ni popo mkubwa wa Pemba. Darasa likienda Kidike, kijiji kilicho kati ya Chake Chake na Wete, litamwona mchana akining'inia kichwa chini katika miti mirefu, amejifunika mbawa zake. Akizikunjua hupata kama futi tano na zaidi kidogo toka ncha hata ncha.

Yafaa mwalimu awaeleze watoto mambo yaliyopita kabla hawajatoka shuleni, maana asiyeyajua ataona popo tu, kisha arudi nyumbani.

Hapo kale sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Katika zamani za Sayyid Said mikarafuu ilienea visiwani, na waliofyeka na kupanda wengi wao walikuwa watumwa. Mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikaangusha mikarafuu mingi mno, wala Pemba haikudhurika sana. Basi watu wakazidi kufyeka na kupanda Pemba, hata kisiwa hiki kikaishinda Unguja kwa wingi wa karafuu. Msitu ukabaki vipande vipande. Kilicho kikubwa ni Ngezi, upande wa kaskazini, nacho kilifanywa hifadhi mwaka 1959.

Mwaka 1909 mtaalamu Mjerumani, Paul Matschie, alimwandika popo huyu katika vitabu vya elimu, akamwita kwa jina la Alfred Voeltzkow, aliyesafiri Afrika ya Mashariki miaka ya 1903 hata 1905. Wapemba walikuwa wakimjua tangu zamani, na wengine walimwinda kwa kitoweo. Miti yake ilipokatwa, na bunduki zilipomwandama, alipungua upesi, maana popo wa namna hii huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Karibu na mwaka 1990 ilihofiwa kwamba atatoweka kabisa.

Je, aliponaje? Mwaka 1995 walihesabiwa kama 5,000. Watu wa vijijini wakaanza kufundishwa habari zake, wakaunda vyama vya kumlinda, na Kidike ni mfano ulio bora. Mgeni ajaye kutazama hulipa ada, na fedha hiyo husaidia kijiji; hivyo popo aliye hai akawa na faida kuliko aliye chunguni. Walipohesabiwa tena mwaka 2007, walikadiriwa kuwa kati ya 18,000 na 22,000.

Hapo mtoto aliye mwerevu atauliza, 'Na mkulima ambaye maembe yake yaliliwa usiku, yeye amepata nini?' Mwalimu asimnyamazishe, kwa kuwa swali hilo ni la haki. Ni kweli kwamba popo hula maembe na mashelisheli ya watu. Lakini pia hula matunda ya mwituni, huzichukua mbegu zake mbali, na kuziangusha penye ardhi tupu, hata mti ukaota mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda. Karafuu ziliondoa msitu. Popo hurudisha kidogo kila usiku, wala hadai ujira.

Wala sheria peke yake haikutosha kumlinda, maana askari wa msitu hawezi kukesha chini ya kila mti. Aliponywa na majirani waliokubali kumwacha. Watoto hao wanaopelekwa leo ndio watakaokuwa wenye mashamba kesho, na radhi hiyo itatoka kwao, au haitatoka.

Basi wafikapo Kidike, wasipige kelele wala kutupa mawe, kwa kuwa popo hulala mchana. Na warudipo, kila mmoja aandike jibu lake kwa yule mkulima.