Vijana Wetu Waliokosa Kaburi: Ukumbusho wa Meli Khedive Ismail, 1944



Katika hesabu za chama zilizotangulia mmeona kwamba sehemu kubwa ya fedha zetu, mwaka huu kama miaka iliyopita, ilitumika katika mazishi. Jambo hilo halimshangazi mtu ajuaye asili ya vyama vyetu. Waafrika walipoanza kuunda vyama vya usitawi katika Nairobi, Mombasa na miji mingine, haja mojawapo kubwa iliyowakusanya ilikuwa hii: kwamba mtu akifariki mbali na kwao, asizikwe kama kwamba hakuwa na jamaa. Walichanga senti zao wakanunua sanda na jeneza, wakalipa nauli ya kumrudisha maiti kwa wazee wake. Kwa hiyo twaona inafaa, katika kitabu hiki hiki cha hesabu za mazishi, tuwakumbuke vijana ambao hakuna chama kilichoweza kuwazika. Hao ndio wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi vijana hao walivyofikia kuwa baharini. Vita vilipoanza mwaka 1939, askari wa Keya na wenzao walipelekwa kwanza kupigana na Waitalia. Mwaka 1941 walipita Somalia wakaingia Uhabeshi, na mji wa Addis Ababa ukatwaliwa mwezi wa Aprili mwaka huo. Mwaka 1942 wengine walivuka mpaka Madagaska. Lakini wakati huo huo adui mwingine alikuwa ameinuka upande wa mashariki. Wajapani waliitwaa Singapore mwezi wa Februari 1942, wakaendelea mpaka Burma, nchi ambayo askari wetu waliizoea kwa jina la Bama, na mwezi wa Aprili ndege zao zikapiga mabomu katika bandari ya Colombo. Manowari za Waingereza zikarudi nyuma, na kwa muda Kilindini ikawa ndiyo kituo chao kikuu katika Bahari ya Hindi. Hata shule ya Allidina Visram pale Mombasa ilichukuliwa na jeshi, na ndani ya vyumba vya madarasa wataalamu wakakaa usiku na mchana wakifumbua barua za siri za Wajapani zilizonaswa hewani. Vita ambavyo wengi walidhani ni vya nchi za mbali vilikuwa vimefika mlangoni petu.

Ndipo Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipoundwa mwaka 1943 na kupelekwa Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka, ili ijiweke tayari kwa vita vya Bama. Askari walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Waliotoka bara walishuka kwa gari la moshi mpaka Mombasa, na wengi wao hawakuwa wameona bahari kabla ya siku hiyo. Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa waliopangiwa safari hiyo.

Kazi ya mizinga si kazi ya nguvu peke yake. Mzinga wa uwanjani wa jeshi la Kiingereza wa siku zile ulirusha kombora la ratili 25, na watu sita waliuhudumia, kila mmoja na kazi yake: wa kuelekeza, wa kupakia, wa kutayarisha makombora, na mkubwa wao wa kutoa amri. Mpigaji mzinga hamwoni adui kwa macho yake. Humpiga kwa hesabu za umbali na pembe alizoletewa kwa simu. Kwa hiyo kazi hiyo ilihitaji vijana wepesi wa kufahamu, wenye kuweza kushika nambari na kuzifuata bila kukosea. Yafaa tulikumbuke hilo tunapopima hasara iliyotupata. Laiti wangalirudi, wangaliweza kuwa makarani, mafundi, waalimu na wenyeviti wa vyama kama hiki.

Meli yenyewe haikuwa ngeni wala mpya. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la Khedive Ismail, aliyetawala nchi hiyo tangu 1863 hata 1879. Mwaka 1940 serikali ya Kiingereza ikaichukua iwe meli ya askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano za abiria. Ndani yake, pamoja na mabaharia wa meli, walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301. Waliobaki walikuwa askari wa manowari, wauguzi wa kike, na wanawake wengine wa utumishi wa vita. Msafara ulilindwa na manowari kubwa Hawkins, na mbili ndogo zenye mbio, Petard na Paladin.

Jumamosi tarehe 12, baada ya adhuhuri, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Hapo nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27, yaani manowari iendayo chini ya maji, ilikuwa imewavizia. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail. Katika muda wa takriban dakika mbili meli ilikwisha zama. Wazee wetu na watafakari maana ya dakika mbili. Ni muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyake. Aliyekuwa chini ndani ya meli hakuweza kupanda ngazi akafika juu, na mashua za kuokolea hazikuwahi kuteremshwa kwa utaratibu.

Yaliyofuata ni magumu kusimulia, lakini historia isiyosema magumu si historia. Meli nyingine za abiria zilikimbia kila moja na njia yake, kama ilivyoamriwa, maana kusimama kungewaua wengi zaidi. Watu waliopona walikuwa wakielea wakishikilia mbao na mashua chache. Nyambizi ilikuwa bado iko chini, karibu nao. Paladin ilishusha mashua zake ili kuwaokoa, na Petard ikaanza kuitafuta nyambizi kwa mabomu yanayopasuka chini ya maji. Mabomu hayo yalipasuka mahali walipokuwapo watu majini, na baadhi ya waliookoka topido waliuawa na mabomu ya rafiki. Nyambizi ililazimika kuibuka. Paladin iliiendea ili kuigonga, ikapasuliwa ubavu wake. Mwishowe topido ya Petard iliimaliza I-27 pamoja na watu wake.

Wako waliolaumu amri ile ya kurusha mabomu. Wako walioitetea, wakisema kwamba nyambizi ingeachwa, ingaliweza kuwafuata maelfu waliokuwa katika meli nyingine nne. Sisi tuliokaa salama miaka mingi baadaye hatuoni kwamba ni haki kutoa hukumu kwa wepesi. Twasema neno moja tu: waliokuwa majini siku ile hawakuulizwa. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, nasi twajua nyasi hizo zilikuwa watoto wa nani.

Hesabu iliyobaki ni hii. Watu 1,297 walikufa, na katika hao wanawake walikuwa 77. Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Hata kama tungesema kwamba kila mwanamume aliyeokoka alikuwa mpiga mizinga, jambo ambalo halikuwa, bado ingebaki kwamba Rejimenti ya 301 ilipoteza watu wasiopungua mia saba kwa alasiri moja. Ni msiba mkubwa mno wa baharini, katika ile mikubwa iliyozipata meli za Waingereza na marafiki zao katika vita vile vyote. Nasi twauliza: katika shule zetu, ni watoto wangapi wanaojua jina la meli hiyo?

Wenzao waliotangulia waliendelea na kazi. Divisheni ya 11 iliingia Bama mwaka huo huo, ikashuka bonde la Kabaw katika matope ya masika, na mwezi wa Desemba 1944 ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Waliporudi nyumbani walikuwa na hadithi za kusimulia, na makovu ya kuonyesha. Waliozama hawakuwa na msimulizi.

Sasa tuje katika jambo linalotuhusu sisi wa chama. Maiti aliye mbele ya watu huliliwa, huoshwa na kuzikwa, na baada ya siku zake matanga huondolewa. Lakini asiyeonekana humwacha mama yake mlangoni. Hajui avae nguo za msiba au aweke chakula. Mke hajui kama ni mjane. Ndugu hawajui wagawe urithi au wangoje. Kila kabila na kila dini katika nchi yetu walilijua tatizo hilo, wakalitafutia dawa. Wajaluo huzika tunda la mti wa yago mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana, ili awe na kaburi katika boma la baba yake. Waislamu huweza kumsalia sala ya ghaibu aliyefia mbali, na hufundishwa kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Wakristo hufanya ibada ya kumbukumbu. Njia ni mbalimbali, lakini kusudi ni moja: aliye hai apate kujua kwamba yamekwisha, na aliyekufa apate mahali pa kutajwa.

Je, dola iliyowatuma iliwafanyia nini? Twasema kweli bila kuzidisha. Majina ya waliopotea na Khedive Ismail yamechorwa katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Hilo ni jambo jema, tena si dogo. Katika Vita vya Kwanza haikuwa hivyo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wapagazi, wale ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mtaa umepata jina. Watu wake hawakupata.

Wala haki haikutimia kwa walio hai. Askari walipoachishwa mwisho wa Vita vya Pili, kiinua mgongo chao kilipimwa kwa cheo na pia kwa rangi. Mwafrika alipewa yapata theluthi moja tu ya alichopewa mwenziwe Mzungu wa cheo kile kile, kwa miezi ile ile ya utumishi. Topido haikubagua rangi, lakini daftari la malipo lilibagua. Ahadi ni deni, na deni hilo halikulipwa.

Hata hivyo, wanachama wapenzi, tusiweke lawama yote mlangoni pa wengine. Jina lililochorwa katika jiwe Nairobi halimfariji mtu wa Kwale, wala wa Siaya, wala wa Machakos, ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba liko. Tena mara nyingi askari aliandikwa na karani asiyeijua lugha yake: jina moja, pengine na la baba, na nambari ya jeshi. Herufi zikakosewa, kijiji kikaachwa. Jiwe halina ulimi wa kueleza kwamba huyu alikuwa kifungua mimba wa fulani, au kwamba mjukuu wa dada yake amepewa jina lake. Hayo yanajulikana na wazee wa nyumbani tu. Nao waliokuwa rika la vijana wale, kama wangali hai, wamepita miaka mia moja. Waliobaki kwetu ni waliokuwa watoto wadogo wakati wa vita, waliosikia mama zao wakilia. Hao nao hawatakaa siku zote.

Kwa sababu hiyo Halmashauri yawaomba wanachama wote jambo moja ambalo halina mchango wa fedha. Kila nyumba iliyokuwa na kijana aliyekwenda vitani asirudi, imwandike: jina lake kama alivyoitwa na mama yake, jina la baba na mlango wake, kijiji, na lolote linalokumbukwa juu yake. Wasiojua kuandika na wamwambie katibu wa tawi. Majina hayo yatatiwa katika kitabu kimoja na kulinganishwa na yale ya barabara ya Ngong. Tena kila mwaka mkutano mkuu utakapofunguliwa, kabla ya hesabu kusomwa, yatasomwa kwa sauti.

Chama kilichoundwa ili asiwepo mtu wa kuzikwa bila jamaa hakiwezi kuwaacha hawa. Bahari haturudishii miili yao. Majina yao tungali tunaweza kuyarudisha nyumbani, nauli yake ni kalamu na karatasi, na wakati wake ni sasa.