Miavuli Tuliyoiona Kamachumu

Kiswahili chetu hakikuhangaika kutafuta neno jipya pale binadamu alipoanza kuruka kutoka angani. Kilichukua mwavuli, huu huu wa kujikingia mvua, kikamkabidhi askari. Kwa hiyo nilipokuwa mtoto Kamachumu, nikisikia redioni habari za askari wa miavuli, nilikuwa nawaona akilini wakishuka mmoja mmoja, kila mtu na mwavuli wake mweusi wenye mpini wa kupinda kama ule wa katekista wetu, na bunduki mkono wa pili. Swali lililonisumbua ni jinsi walivyoweza kulenga shabaha kwa mkono mmoja.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya miavuli hiyo. Nina sababu yangu, nayo ni asubuhi moja ya Novemba 1978.

Tuanze mbali kidogo. Wafaransa ndio waliokipa kitu hiki jina lililoenea duniani, parachuti, maana yake kinga ya kuanguka. Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa André-Jacques Garnerin alipanda angani mjini Paris kwa puto, akakata kamba, akashuka na kitambaa cha hariri kilichomyumbisha huku na huko vibaya sana. Kitambaa hakikuwa na tundu la kupitishia hewa juu, kwa hiyo hewa ilitorokea pembeni, mara upande huu, mara upande ule. Alifika chini mzima. Lakini mwavuli wa kuvaa mgongoni, ambao mrukaji anaufungua mwenyewe kwa kuvuta mpini akiwa tayari anaanguka, ulijaribiwa Marekani tarehe 28 Aprili 1919, na aliyeujaribu ni Leslie Irvin. Kabla yake walikuwapo wataalamu walioamini kwamba mtu anayeanguka hewani atapoteza fahamu na hataweza kuvuta kitu chochote. Irvin alivuta. Akavunjika kifundo cha mguu alipotua, lakini akawa ameumaliza ubishi.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifikisha miavuli kwa watu wetu, na haikuwafikia kwa njia ya kuruka. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika. Barabara ilikuwa tope tupu, magari yakizama, na chakula chao kikawa kinaangushwa na ndege. Hariri na nailoni zilikuwa haba. Jenerali Slim akaagiza miavuli ishonwe kwa juti, nyuzi zile zile za magunia, huko India, na ikafaa kushushia mizigo. Wazee wetu waliopigana Burma walikula mchele ulioshuka kwa gunia. Naomba ulikumbuke hilo, tutalirudia.

Baada ya hapo miavuli ikabadilika sura katika masikio yetu. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege za Marekani ziliangusha askari wa Ubelgiji zaidi ya 300 juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo, kwenda kuwatoa Wazungu walioshikwa mateka na Simba. Mateka wengi waliokolewa na wengine waliuawa barabarani siku hiyo hiyo. Afrika ilikasirika, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kamati yake juu ya Kongo chini ya Mzee Kenyatta. Watu wazima wa kwetu walijifunza jambo moja kutokana na habari ile: unaweza kulala jioni katika nchi yako, ukaamka asubuhi nchi imejaa wageni ambao hawakupita mpaka wowote.

Ikaja Entebbe, Julai 1976. Waisraeli hawakuruka usiku ule, walitua na ndege zao uwanjani. Lakini kabla ya kuamua hivyo waliufikiria mpango wa kuwaangusha makomando na mashua za mpira katika Ziwa Viktoria, ziwa lile lile ambalo siku ya mbingu safi tunaliona kutoka ukingo wa genge letu. Na tarehe 19 Mei 1978, mamia ya askari wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa waliangushwa Kolwezi, Zaire. Kuna kisa kimoja cha Kolwezi ninachokipenda. Wafaransa wale walikabidhiwa miavuli ya Kimarekani kutoka jeshi la Zaire, na ndoano zake hazikuoana na mifuko yao ya vifaa. Wakajifunga kwa waya na kamba, wakaruka hivyo hivyo. Hata jeshi kubwa, msikilizaji, kuna siku hutegemea fundo la kamba.

Na Amin je? Jeshi la Uganda lilifunzwa na Waisraeli tangu miaka ya 1960 hadi Amin alipowafukuza mwaka 1972. Yeye mwenyewe alivaa kifuani mabawa ya askari wa miavuli wa Israel, na aliendelea kuyavaa hata baada ya kuwafukuza waliompa. Wapo walioandika kwamba mafunzo yenyewe hakuyamaliza. Sisi tulichokijua ni picha yake magazetini, na mabawa yale.

Oktoba 1978 ndege za Amin zilipiga mabomu Bukoba. Watu wakaanza kuuhama mji kwa miguu, kwa baiskeli, kwa chochote. Mwisho wa mwezi majeshi yake yakaingia na kukalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alihutubia taifa akataja sababu, nia na uwezo, na kesho yake daraja la Kyaka likalipuliwa. Mkoa wetu wakati huo ulikuwa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi.

Kamachumu haikupigwa bomu. Tulipigwa na uvumi. Kila jioni palikuwa na mtu aliyekutana na mtu aliyeambiwa kwamba askari wa miavuli wataangushwa usiku, kwa sababu kwetu ni juu, na atakayekaa juu ya genge ataiona barabara yote. Ukikumbuka Stanleyville, ukikumbuka Kolwezi ya miezi sita tu nyuma, utaona kwamba watu hawakuwa wajinga. Tulizima vibatari mapema. Baba alitulaza mgombani, tukijifunika majani makavu, akituonya tusikohoe.

Lakini Novemba ni msimu wa senene, na hakuna Mhaya aliyewahi kuahirisha senene kwa ajili ya Amin. Alfajiri moja nilitoka na mama na shangazi zangu kwenda kuokota huko rweya, nyikani nje ya migomba. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Ukungu ulikuwa mzito. Mimi nilitangulia na kikapu changu, na mbele yangu, kwenye mteremko, nikaona kitu kikubwa cheupe kimetanda juu ya majani, kinainuka na kushuka kwa upepo. Chini yake palikuwa na miguu ya mtu.

Nilipiga kelele: "Mwavuli! Mwavuli!"

Wanaume walifika upesi kuliko nilivyotegemea. Walikuwa na mapanga, mipini ya majembe na mkuki mmoja wa zamani. Yule mtu aliamka akakuta amezungukwa. Alijaribu kueleza, na kueleza kwake ndiko kulikomponza, maana alikuwa mtu wa mpakani, na maneno yake yalichanganyika na Kiganda. Basi, ikawa ushahidi. Alipigwa mbele yangu. Nakumbuka sauti ya mpini kwenye mkono wake.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja jirani yetu, askari wa zamani wa Keya, mtu aliyependa lubisi na ambaye hadithi zake za Burma tulikuwa tumezichoka. Alifika taratibu kwa sababu ya mguu wake, akaipapasa ile nguo nyeupe upindo kwa upindo, kama mama anayenunua kanga. Kisha akauliza: "Mwavuli una kamba. Kamba zake ziko wapi?" Hakuna aliyejibu. Akasema tena kwamba yeye ameikunja miavuli kwa mikono yake, mwavuli wa mzigo tu una kamba nyingi, na wa mtu je? Na mikanda ya begani iko wapi, na ya mapajani? Hii, akasema, ni shuka ya kitanda.

Ilikuwa shuka ya kitanda. Yule bwana alikuwa amekimbia ng'ambo ya Kagera, ametembea siku kadhaa, na shuka ndiyo aliyoiwahi kuitoa nyumbani. Wanaume wale wale waliompiga walitengeneza machela wakambeba hadi hospitali ya Ndolage, wakipokezana njiani kwa ukimya. Mkono ulikuwa umevunjika. Baba hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Nimekuja kusoma baadaye, na kila ninaposoma naona hofu yetu ilivyokosa vipimo. Mwavuli wa duara wa askari hufunguliwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, na mrukaji huachwa chini ya mita 300 ili asikae sana hewani akilengwa. Hauendeshwi kwa kiasi cha maana, huenda unakopelekwa na upepo. Kuwamwaga watu hivyo juu ya ukingo wa genge, penye migomba, mawe na upepo wa ziwa, ni kuwavunja miguu nusu yao. Majeshi ya Amin yaliingia kwa barabara, na kwa barabara yaliondoka. Sisi tulikuwa tukiangalia juu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Diani, pwani ya Kenya, ambako watu hulipa fedha zao wenyewe ili waruke, wakashukia ufukweni mbele ya watalii. Nilikwenda kutazama. Miavuli yao si ya duara. Ni ya mstatili, ya vitambaa viwili vilivyogawanywa vyumba vyumba, hewa huingia mbele ikaujaza ukawa bawa. Wazo hilo ni la Mmarekani Domina Jalbert, miaka ya 1960. Bawa hili linaendeshwa: ukivuta kamba ya kushoto unageuka kushoto, ukivuta zote mbili karibu na ardhi unasimama kama ndege anayetua tawini.

Wapo mafundi wanaopunguza ukubwa wa bawa makusudi. Mwanafunzi hupewa kubwa, la futi za mraba 200 na zaidi, ili lisamehe makosa yake. Bingwa anayecheza na kasi huweza kuvaa lisilofika 100. Uzito ni ule ule, kitambaa ni nusu, na mtu hufyatuka juu ya ardhi kwa kasi ya gari la barabara kuu. Kosa la nusu sekunde wakati wa kugeuka chini humuua mtu aliyening'inia chini ya mwavuli mzima, uliofunguka vizuri. Wengi wamekufa hivyo, na sioni sababu ya kuwaonea haya kwa kulisema.

Kilichonivutia zaidi ni ukaguzi. Kila mrukaji ana miavuli miwili mgongoni, mkuu na wa akiba. Ana pete tatu kila bega, zilizopitana kwa namna ambayo kamba nyembamba huzuia uzito wote. Mwavuli mkuu ukigoma, huvuta mpini mmoja pete zikaachia. Ana na kisanduku kidogo cha umeme, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, kinachoufungua ule wa akiba chenyewe iwapo mtu bado anaanguka kwa kasi amefika mita 225 hivi. Pamoja na vyote hivyo, kabla ya kuruka, humgeuzia mwenzake mgongo na kusema nitazame. Mwenzake hufunua kifuniko, hutazama pini, hugusa mikanda ya mapaja. Matajiri kwa vibarua, Wazungu kwa Wadigo, wote hugeuza mgongo. Jioni, aliyefanya jambo kwa mara ya kwanza hudaiwa kreti la bia, na anayekwepa hasahauliki. Kwetu angedaiwa mtungi.

Kijana mmoja wa kazi ya kukunja miavuli alikuwa amepiga magoti chini ya kivuli, akipanga kamba. Upepo wa bahari ukamshinda, akaniomba, "Mzee, nishikie hapa." Nilishika. Kitambaa kilikuwa cheupe, chepesi kuliko nilivyofikiri, na kilikuwa kikiinuka na kushuka. Nilizihesabu kamba zake, aliponiuliza nahesabu nini nikasema nimesahau.

Ile shuka ya Novemba 1978 ilibaki nyumbani kwetu. Mama aliifua, akaikunja, akaiweka sandukuni chini ya nguo zake za kanisani. Kampala ilianguka Aprili 1979, wakimbizi wakaanza kurudi kwao, na mwaka huo huo yule bwana alipita Kamachumu kuifuata shuka yake. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, haukunyooka. Mama alimpikia ndizi na samaki, akala, akashukuru, akauliza kama yule mtoto yupo.

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya nyumba, mgombani, na nilimsikia akiuliza. Sikutoka.