Sauti ya Mwanamke katika Uyunani ya Kale

Aghalabu husemwa kwamba mwanamke wa Uyunani ya kale alikuwa kimya. Neno hili lina ukweli wake, lakini lataka kupimwa, kwani kimya ni cha namna mbili: cha asiye na la kusema, na cha aliyefungwa mdomo.

Athens, mji uliosifika kwa utawala wa raia, uliufunga mdomo huo kwa sheria. Mwanamke hakupiga kura wala hakuhutubia baraza. Tangu kuzaliwa hadi kufa alikuwa chini ya msimamizi wa kiume, mfano wa walii: kwanza baba, kisha mume, ndugu, au hata mwanawe. Hakuruhusiwa kufunga mapatano ya mali inayozidi thamani ya medimnos moja ya shayiri, kipimo cha lita 52 hivi. Mali ya arusi ilitoka kwa babake bibi arusi, na mume alipaswa kuirejesha wakiachana. Mwaka 451 KK Pericles alipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote ni wenyeji wa Athens. Hivyo mama akawa mlango wa uraia, naye mwenyewe hana kiti barazani.

Hata kilio kilitiwa mipaka. Kumlilia maiti ilikuwa kazi ya wanawake, nao walikuwa na tungo zao. Solon, aliyeiwekea Athens sheria mnamo 594 KK, aliwakataza kujikwaruza nyuso na kuimba maombolezo yaliyotungwa. Pericles naye, alipowahutubia wafiwa wa vita mwaka 431 KK, kama asimuliavyo Thucydides, aliwaambia wajane kwamba fahari yao ni kutotajwa na wanaume, kwa sifa wala kwa lawama.

Hata hivyo, palikuwa na mahali ambapo sheria haikufika. Hekaluni, kuhani wa Athena, mlinzi wa mji, alikuwa mwanamke, na cheo chake kilikuwa cha maisha. Plutarch asimulia kwamba mwaka 415 KK makuhani walipoamriwa kumlaani Alcibiades, ni kuhani mmoja wa kike tu, Theano, aliyekataa, akisema kwamba yeye ni kuhani wa dua, si wa laana. Huko Sparta nako wanawake walimiliki ardhi. Aristotle alilalamika kwamba karibu sehemu mbili kwa tano za nchi zilikuwa mikononi mwao.

Na palikuwa na ushairi. Kiasi cha karne moja na nusu kabla ya Pericles, kisiwani Lesbos, Sappho alitunga kwa lahaja ya kwao, akayaimba mapenzi, wivu, arusi na utengano. Ubeti uitwao kwa jina lake huandikwa kwa mishororo minne: mitatu ya mizani 11, na wa mwisho mizani 5. Mpenzi wa mashairi ya Kiswahili ataona hapo jamaa ya msuko, ingawa Wayunani walipima pia urefu na ufupi wa silabi. Warumi Catullus na Horace waliuazima ubeti huo.

Wanazuoni wa Iskandaria walizikusanya tungo zake vitabuni, lakini vitabu hivyo vilipotea. Shairi moja tu limetufikia likiwa zima. Mengine ni vipande, vingi vikiwa vimefukuliwa katika majaa ya Oxyrhynchus, Misri. Mwaka 2004 yalichapishwa mafunjo yaliyohifadhiwa Cologne, Ujerumani, na shairi lake juu ya uzee, lililojulikana nusunusu, likakaribia kutimia.

Sappho aliandikwa, ndipo akasikika. Waombolezaji wa Athens hawakupata mwandishi. Tungo zao zimekwenda na upepo, na lililobaki ni sheria iliyozipiga marufuku. Lakini sheria hiyo nayo ni shahidi, kwani hakuna akatazaye wimbo usioimbwa.